Sitaki Kuwa Mteja Mwaminifu

Kila Oktoba, ile wiki ambayo benki hufunga baluni mlangoni na kukata keki kwa heshima ya wateja, simu yangu huingia ujumbe. Unaanza na jina langu lote, lile la kitambulisho ambalo mamangu huliita tu akiwa amekasirika, kisha unanishukuru kwa kuwa mteja mwaminifu. Mwaka jana waliongeza kamoyo kekundu mwishoni. Hilo neno, mwaminifu, linazidi kunikera kila mwaka. Mwaminifu ni mtu aliyekuwa na pengine pa kwenda akaamua kubaki. Mimi sikuamua kitu. Niliwekwa.

Wacha niseme hoja yangu mapema, anayetaka kukasirika akasirike akiwa bado na bando. Wengi wetu vijana wa mjini hatujawahi kuchagua benki. Na kule kubaki kwetu, ambako benki hukuita uaminifu na wazazi wetu hukuita busara, kunatula pesa kila mwezi bila kutuletea chochote.

Akaunti yangu nilifungua 2018, wiki ya kuripoti chuo. Kama ulipitia chuo cha umma unaikumbuka hiyo wiki: foleni ya hosteli, foleni ya picha ya kitambulisho, mzazi amebeba godoro kichwani, na kando ya ukumbi mahema ya benki yamepangana kama maonyesho ya kilimo. Niliingia hema lililokuwa na foleni fupi na fulana za bure. HELB walitaka namba ya akaunti, na kijana mmoja mwenye tai akanipa namba ya akaunti. Dakika ishirini, kwisha. Hakuna mtu ndani ya lile hema aliyetaka nimuulize ada ni ngapi, na fulana zenyewe zilikuwa zinaisha. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, kwa sababu ambazo si za leo. Akaunti ndiyo ilikataa kuniacha.

Na mimi ndiye niliyekaribia kuchagua. Rafiki yangu anayefanya kazi ya ulinzi Industrial Area aliambiwa siku ya kwanza kazini kwamba mishahara hupitia benki fulani, fomu ikawekwa mezani pamoja na ya NSSF, weka sahihi hapa na hapa. Binamu yangu wa Kericho yuko na benki ile ile babake hulipiwa bonasi ya majani chai. Dada mmoja wa chama chetu alifunguliwa akaunti na mamake akiwa darasa la pili, ile ya watoto inayokuja na kibubu cha plastiki, na sasa ana mtoto wake wa darasa la pili na kibubu cha pili. Ukiwa kwa matatu, muulize aliyeketi karibu nawe alichaguaje benki yake. Atakupa hadithi ya mtu mwingine: ya mwajiri, ya mzazi, ya karani wa fizi.

Babangu haelewi kelele zangu. Yeye ni mwalimu mstaafu, na tangu barua yake ya kwanza ya TSC amekaa na benki moja, tawi moja, karibu dirisha moja. Anasema benki ni kama daktari, ukibadilisha kila mara hakuna anayekujua. Simcheki, kwa sababu najua alikotoka. National Bank of India, ambayo ndiyo iliyokuja kuzaa KCB, ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, mwaka ule ule reli ilipoanza kujengwa. Haikuwa imemfuata babu yangu. Ilifuata wafanyabiashara na wenye reli. Karne moja baadaye, miaka ya tisini, benki kubwa zilikuwa zikifunga matawi ya mashambani na kupandisha kiasi cha chini cha kuacha kwenye akaunti, hadi mkulima wa kawaida akawa anafukuzwa kwa hesabu badala ya kwa askari. Watu wa rika la babangu walifika benki wamevaa suti ya kanisani, na barua ya kutambulishwa mfukoni. Equity iliyoanza 1984 kama shirika la mikopo ya nyumba ilipogeuka benki kamili mwaka 2004, ilijijenga kwa kuwapokea wale waliokuwa wamerudishwa mlangoni.

Kwa hivyo uaminifu wa mzee ni shukrani. Mlango ulikuwa umefungwa, siku moja ukafunguliwa, akasema asante na akaendelea kusema asante kwa miaka thelathini. Sawa. Lakini mimi sikurudishwa mlangoni na mtu. Mimi nilifuatwa hadi kwenye hema na fulana. Deni la shukrani la babangu halijaandikwa kwa jina langu.

Tena hata hiyo habari ya kujulikana niliijaribu. Mwaka juzi laptopu yangu iliibwa kwa matatu, Thika Road, saa moja jioni. Mwandishi bila laptopu ni fundi bila nyundo, nikaenda tawini kuomba mkopo wa shilingi 70,000. Mama aliyenihudumia alikuwa mpole, sina neno naye.

“Umekuwa na sisi tangu 2018,” akasema akisoma skrini, na nikaona tumeanza vizuri.

“Ndiyo, madam.”

“Na pesa zinaingia. Hazifanani, lakini zinaingia.”

“Ni za kuandika, madam. Kuna mwezi mzuri, kuna mwezi wa ugali na sukuma.”

“Sasa shida iko hapo, bosi. Sioni mwajiri. Una hati za mshahara za miezi mitatu?”

“Sina mwajiri. Wateja wangu ni hao unaowaona hapo kwa skrini.”

“Basi una shamba? Gari? Mtu wa kukudhamini aliyeajiriwa?”

Nilikuwa na baiskeli. Sikuitaja.

“Pole sana,” akasema, na nadhani alimaanisha. “Lakini ukiangalia kwa simu yako, kuna mkopo umeshaidhinishiwa.”

Niliangalia nikiwa pale pale. Shilingi 4,500, kurudisha ndani ya siku thelathini, ada asilimia 8.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Benki iliyokuwa na miaka mitano ya maisha yangu kwenye kompyuta yake, kila shilingi iliyoingia na kila kodi ya nyumba iliyotoka, ilinijua vya kutosha kunikopesha 4,500 kwa bei ambayo ukiizidisha kwa miezi kumi na miwili ni asilimia 96 kwa mwaka. Lakini haikunijua vya kutosha kunikopesha 70,000 kwa riba ya mtu mzima. Miaka mitano haikuwa na uzito wowote kwenye mizani ile. Angeingia mtu aliyefungua akaunti Jumatatu akiwa na hati tatu za mshahara, angeondoka na laptopu.

Usidhani ni benki yangu tu yenye akili hizo. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, ikiwa ya Safaricom na Commercial Bank of Africa, mkopo wake wa siku thelathini ulitozwa asilimia 7.5. Mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kubana riba, mkopo wowote wa benki usizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kwa hesabu ya kawaida asilimia 7.5 kwa mwezi ilikuwa imepitiliza mbali sana. Haikuguswa. Ilikuwa inaitwa ada, na sheria ilizungumzia riba. Mwaka 2019 sheria yenyewe ikafutwa, kila mtu akarudi nyumbani. Maneno ni kazi yangu, kwa hivyo niruhusu niseme kama mtu wa fani: hilo ndilo neno la herufi tatu lenye faida kubwa kuliko yote katika Kiswahili cha Kenya.

Laptopu nilinunua. Chama chetu cha Kahawa West, watu kumi na mmoja, Jumapili mchana, chai na mandazi, kilinipa 40,000 bila hati yoyote, nikaongeza kidogo nikachukua ya mtumba. Walininyima kitu kimoja tu, heshima, maana walinicheka kwa kushika laptopu karibu na dirisha la matatu. Hao ndio wananijua. Mzee ana haki kuhusu kujulikana. Amekosea anwani.

Tuje kwa makato. Mnivumilie, nitasoma sheria, na sisi tulioacha chuo tunapenda kusoma sheria kuliko waliomaliza. Sheria ya Benki ya Kenya, kifungu cha 16A, inakataza benki kutoza ada ya aina yoyote kwa akaunti ya akiba. Ya aina yoyote. Sasa fungua programu ya benki yako uangalie akaunti yako inaitwaje. Naweka dau la chai na mandazi kwamba haiitwi akaunti ya akiba. Itakuwa na jina tamu, jina la kuamka na kuinuka na kusonga mbele, na huko ndani kwa masharti imeandikwa kwamba ni akaunti ya matumizi. Ya matumizi si ya akiba, na kifungu hakiifikii. Kifungu cha 44 nacho kinasema benki haiwezi kupandisha ada zake bila idhini ya Waziri, yaani kisheria kila nyongeza inapaswa kuwa imepita mezani kwa mtu tunayemlipa mshahara.

Januari nilichapisha taarifa yangu ya mwaka mzima, nikakaa sakafuni na kalamu ya njano, nikapaka kila kato. Ada ya kila mwezi. Ada ya kutuma kwa simu. Ada ya kadi. Ada ya kuuliza salio, jamani, ya kuuliza tu. Ushuru wa serikali juu ya kila ada, kama nzi juu ya kidonda. Jumla ilikuwa shilingi 6,340. Karatasi zilikuwa za njano kuliko nyeupe. Hiyo pesa ni zaidi ya kodi ya mwezi mzima ya keja yangu ya kwanza pale Githurai, na nilikuwa nailipa bila kujua, ishirini hapa, arobaini pale, kwa sababu hakuna kato moja lililokuwa kubwa vya kutosha kunitoa kitandani.

Na hizi ada si sheria ya maumbile. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ilisema ada za kuhamisha pesa kati ya akaunti ya benki na simu ziondolewe. Zikaondolewa. Zikakaa hivyo hadi mwisho wa Desemba 2022, karibu miaka mitatu. Je, benki zilikufa njaa? Kwa mwaka 2021 pekee Equity ilitangaza faida ya zaidi ya shilingi bilioni 40 baada ya kodi, KCB zaidi ya bilioni 34. Kisha Januari 1, 2023 ada zikarudi. Zilirudi zimepunguzwa, nakubali. Lakini zilirudi, na nilikuwa nimejiandaa kusikia kelele mjini, na sikusikia. Tuliamka na uchovu wa mwaka mpya tukaanza kulipa tena. Mtu aliyezoea kubaki hauliziki.

Kuna msee ameshaanza kutabasamu huko. Yeye hana shida hizi, yeye ni M-Pesa tu, benki ni za wazee. Ndugu yangu, ukitoa shilingi 500 kwa wakala unalipa 29. Hiyo ni karibu asilimia 6 ya pesa yako kwa kazi ya kuigusa. Jirani yako akitoa 2,500 analipa hizo hizo 29, asilimia moja na kitu. Anayetoa kidogo ndiye anayelipa kingi, na anayetoa kidogo tunamjua. Tena hujakimbia benki popote. Nyuma ya M-Shwari sasa kuna NCBA, nyuma ya KCB M-Pesa kuna KCB yenyewe, nyuma ya Fuliza kuna zote mbili. Umepita mlango wa jikoni, lakini nyumba ni ile ile.

Wa pili ndiye ananisumbua zaidi, yule anayesema benki zote ni sawa, ukihama unabadilisha tu rangi ya kadi. Huyu hunyamazisha watu wengi kwa sababu anasikika kama mtu aliyezunguka. Hajazunguka. Sisi tunaoandikia wateja wa nje hulipwa kwa dola, na Machi iliyopita watatu wetu tulilipwa na mteja mmoja, siku moja, kiasi kimoja, dola 300 kila mmoja. Siku hiyo kiwango cha Benki Kuu kilikuwa kama 129. Tukakutana kwa kibanda cha chai pale Ngara tukalinganisha simu. Benki ya kwanza ilinunua dola kwa 128 ikakata ada ya 500, mwenzetu akapata 37,900. Ya pili ilinunua kwa 126.50, ikakata 1,000, ikabaki 36,950. Ya tatu ilinunua kwa 125 na kukata 1,500. Shilingi 36,000 kamili. Hiyo ya tatu ndiyo yangu, ile ya kamoyo kekundu. Aliyepata nyingi alikuwa amekaa na benki yake miezi minne tu. Mimi, mwaminifu wa miaka saba, niliachwa nyuma kwa shilingi 1,900 kwa malipo mamoja, na mimi hulipwa hivyo karibu kila mwezi.

Hebu jitazame Jumamosi ukiwa Gikomba. Shati la mia tatu unalishika, unaligeuza, unalinusa, unasema mia moja, unaondoka, unaitwa, unarudi. Mama mboga wa Muthurwa unamwambia nyanya za jana zilikuwa bora, aongeze moja. Mkenya anabishana kwa shilingi kumi hadi mate yanakauka. Huyo huyo Mkenya hajawahi kumuuliza mtu wa benki swali hata moja kuhusu bei. Si woga, sidhani. Ni kwamba muuza mitumba anajua unaweza kuondoka. Benki inajua huwezi.

Na kwa nini huwezi? Hapa ndipo hasira yangu inapokaa, hayo mengine ni njia ya kufika. Tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhama kampuni ya simu na namba yake. Mwaka mmoja kabla, nikiwa darasa la tano, Zain ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na nakumbuka watu wazima wakiongea kwa simu hadi wakaishiwa maneno. Serikali iliona kwamba namba ni ya mtu, si ya kampuni. Ni kweli wengi hawakuhama, na sababu moja ni kwamba namba ilihama lakini M-Pesa ikabaki nyuma. Sawasawa! Hiyo inathibitisha ninachosema. Pesa ndiyo kamba. Na kwa pesa hakuna aliyesema namba ni yako.

Namba ya akaunti yako ni mali ya benki. Ukihama unaiacha, na kila kitu kilichofungwa kwayo unakifungua kwa mkono, kimoja kimoja. Mwajiri. HELB. Sacco. Mwenye nyumba anayelipwa kwa agizo la kila mwezi. Mteja wa nje ambaye akisikia umebadilisha akaunti anadhani wewe ni tapeli na kunyamaza wiki mbili. Mimi niliambiwa kufunga akaunti lazima niende tawi nililofungulia, na tawi nililofungulia liko mji wa chuo, nauli kwenda na kurudi ni zaidi ya elfu moja. Kufungua ilikuwa dakika ishirini ndani ya hema. Kufunga ni safari ya kaunti tatu. Mtu akikuambia hilo limetokea kwa bahati mbaya, mwambie akuuzie na daraja. Wengi hufanya nilichofanya kwanza: wanaacha akaunti ilale. Ikilala miaka mitano bila wewe kuigusa, sheria ya mali ya fedha isiyodaiwa inataka kilichobaki kipelekwe kwa mamlaka ya serikali, na ukikitaka utakifuata huko na fomu.

Uingereza walilitatua hili Septemba 2013. Unaiambia benki mpya, nayo inahamisha kila kitu kutoka ya zamani, malipo yanayoingia na yanayotoka, ndani ya siku saba za kazi, na pesa zinazotumwa kwa namba ya zamani zinafuata mpya zenyewe. Msiniambie Kenya hatuna teknolojia. Nchi iliyotumia simu ya tochi kubadilisha pesa tangu 2007, iliyounganisha benki zake kwa Pesalink tangu 2017, haiwezi kusema imeshindwa kuelekeza malipo kutoka namba moja hadi nyingine. Haijaulizwa tu. Sijaona maandamano, sijaona hata hashitegi.

Mzee alinipa hoja moja ambayo siichezei. Alisema, “Kijana wangu, wewe hukuwa unasoma magazeti 2015.” Kweli sikuwa. Agosti mwaka huo Dubai Bank, Oktoba Imperial, Aprili 2016 Chase, benki tatu zikawekwa chini ya usimamizi ndani ya miezi tisa. Chase ilikuwa inapendwa na vyama na biashara ndogo, na wenye biashara waliamka asubuhi wakakuta mlango umefungwa na mishahara ya wafanyakazi iko ndani. Wateja wake walisubiri hadi 2018 ndipo asilimia 75 ya amana ikahamia SBM. Mzee anasoma hapo kwamba ukae na benki kubwa na usisogee. Mimi nasoma kwamba waliolia zaidi ni wale waliokuwa na kila kitu sehemu moja kwa sababu walipenda pale mahali. Benki zilizofungwa ziliwaita nao waaminifu. Bima ya amana wakati huo ilikuwa shilingi 100,000. Mwaka 2020 ikapandishwa hadi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki, kiwango ambacho kwa kasi yangu ya sasa nitakisumbua nikiwa na mvi. Sheria yenyewe inakulinda benki kwa benki. Haijataja mapenzi.

Ninachotaka kutoka kwa Benki Kuu ni kitu kimoja, na si hisani. Namba ya akaunti iwe yangu na ihame na mimi, na benki ninayoiacha ndiyo ifanye kazi ya kunitoa, kama ilivyofanya kazi ya kuniingiza. Hilo likifika, ada zitajadiliwa zenyewe, kwa sababu mtu wa hema atajua kwamba naweza kuondoka na bado nina fulana yake.

Watu huniuliza basi nihamie wapi. Sitaji, maana wiki ijayo bei itabadilika na mtaniletea makato yenu hapa. Nilichofanya ni kuandikia benki tatu barua pepe yenye maswali manne. Mtanikata jumla ya pesa ngapi kwa mwaka nikiingiza mara nne na kutoa mara kumi kwa mwezi? Leo mnanunua dola kwa ngapi, na ada ya kuipokea ni ngapi? Mtu asiye na mwajiri mnampima kwa nini? Na nikitaka kufunga, nafungia wapi, kwa muda gani, kwa bei gani? Benki moja ilijibu siku hiyo hiyo, kwa maandishi, kwa namba. Ya pili ilinitumia picha ya familia inayocheka kwa kochi. Ya tatu ilinipigia simu, kijana mchangamfu, akaniita bosi mara sita, akaniomba nipite ofisini tunywe chai tuzungumze. Nilimwambia anitumie majibu kwanza, chai nitakuja nayo. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita.